Ukungu wa Aina Mbili: Filamu za Upanga na Uchawi, Kutoka Kwenye Mkanda Hadi Kwenye Diski

Hotuba kwa wakusanyaji wa mikanda ya video, wahariri na wapiga picha, Dar es Salaam

Wakubwa zetu, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili. Ukungu ni ule unaotambaa miguuni mwa steringi anapoingia pangoni kwa mchawi. Ukungu pia ni ule unga mweupe unaoota kwenye mkanda wa video uliosahaulika kabatini masika mawili, matatu. Mwenye picha la mapanga la zamani mkononi anao wote wawili, na kazi ya jioni hii ni kuutenganisha: wa kwanza ubaki, wa pili utoke. Tunasema hivyo kwa sababu wengi wanaohamisha mikanda kwenda kwenye kompyuta wanafanya kinyume. Wanauacha wa pili uingie kwenye deki, halafu wanaufuta wa kwanza kwa programu ya kusafisha picha.

Upanga tunaousema si mtaa wa Upanga, wala si panga la kufyekea majani. Ni aina ya hadithi: shujaa mwenye misuli na deni la damu, mchawi mwenye mnara, mnyama mkubwa, dhahabu. Mmarekani Robert E. Howard alimleta Conan kwa wasomaji katika jarida la Weird Tales, Desemba 1932. Jina la "upanga na uchawi" lilipendekezwa na mwandishi mwingine, Fritz Leiber, mwaka 1961. Kwenye sinema wimbi lilipiga mwaka 1982: Conan the Barbarian ya John Milius, The Beastmaster ya Don Coscarelli na The Sword and the Sorcerer ya Albert Pyun, zote mwaka mmoja. Mwaka uliofuata zikafuata Krull na Deathstalker. Zilipigwa kwa filamu ya milimita 35, si kwa video. Hilo tutalirudia baadaye, kwa ajili ya vijana wanaotaka kutengeneza filamu mpya yenye sura ya zamani.

Huku kwetu zilifika kwa mkanda. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kwa miaka mingi TV ya chogo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam ilikuwa ni kioo cha deki tu, na mkanda uliokodishwa ulizunguka nyumba kwa nyumba mpaka ukachoka. Ndiyo mikanda tuliyo nayo leo: imechezwa mara nyingi, imenakiliwa kutoka kwenye nakala, na imelala kwenye hewa ya pwani.

Hewa hiyo ndiyo adui wa kwanza. Kuvu huanza kuota kwenye utepe unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 60 kwa muda mrefu, na Dar es Salaam mara nyingi hupita 70 bila hata mvua. Hula gundi inayoshika chembe za sumaku, hula vumbi, hula mafuta ya vidole. Ushike mkanda, utazame kwenye kidirisha cha plastiki huku taa ikipiga kwa pembeni. Utepe mzima una mng'ao mweusi ulio sawa. Ukiona madoa meupe, au mistari inayofanana na miale ya gurudumu la baiskeli, huo ni ukungu. Usiuingize kwenye deki. Usijaribu hata kuupeleka mbele kidogo "kuangalia tu". Mizunguko ya utepe imegandana, ukiivuta kwa nguvu ya mota itachanika, na mbegu za kuvu zitabaki kwenye deki zikisubiri mkanda unaofuata.

Kwanza ukaushe. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, vipakiti vya silika vya kutosha kufunika sehemu ya chini, mkanda umesimama juu yake, siku tatu hadi wiki moja. Kipimo kidogo cha unyevu ndani ya ndoo kinasaidia sana, na mkikipata, lengo ni asilimia 30 hadi 40. Mchele hautoshi, na vumbi lake ni balaa jipya. Kuvu likikauka linakuwa unga unaofutika. Likiwa bichi linapakaa kama siagi. Anayefuta likiwa bichi anausambaza ugonjwa utepe mzima.

Kisha fungua, na fungulia nje, upepo ukikupiga mgongoni, barakoa usoni na glavu mikononi. Kasha la VHS lina skrubu tano upande wa chini, za bisibisi ya nyota. Ukizitoa, geuza kasha kwanza kabla ya kuinua kifuniko, maana ndani mna vipande vinavyoruka: breki mbili ndogo za magurudumu, springi ya mlango wa mbele, na vijiti vya kuongozea utepe. Piga picha kwa simu kabla hujagusa chochote. Futa utepe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholowa kidogo tu alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ukizungusha magurudumu polepole kwa mkono. Spiriti ya kawaida ya dukani ina maji na rangi; isiguse utepe. Mkanda wa E-180, yaani wa saa tatu, una takriban mita 258 za utepe, kwa hiyo mtu mwenye haraka aahirishe. Mkimaliza, hamishieni magurudumu kwenye kasha jingine safi kutoka kwenye mkanda usio na thamani. Kasha la zamani halina haja ya kuokolewa.

Utepe uliokatika haufungwi kwa selotepu. Gundi yake huyeyuka kwenye joto la deki na kunata kwenye hedi, vile vichwa vidogo vinavyosoma utepe. Upo utepe maalumu wa kuungia, unabandikwa upande wa nyuma tu, ule usio na sumaku. Na ukishahamisha yaliyomo, usicheze tena mahali pa kiungo.

Sasa deki yenyewe. Ngoma ya hedi ina kipenyo cha milimita 62 na kwenye PAL, mfumo wetu wa televisheni, huzunguka mara 1,500 kwa dakika, huku utepe ukitambaa milimita 23.39 tu kwa sekunde. Ncha za hedi ni ndogo kiasi kwamba uzi mmoja wa pamba unaweza kuzikwanyua. Kwa hiyo vijiti vya pamba visikaribie ngoma. Kata ukanda wa karatasi nyeupe safi, uloweshe isopropili, uukandamize kidogo kwenye ngoma na uushikilie usitikisike. Kisha kwa mkono mwingine zungusha ngoma kutoka juu. Ngoma ndiyo inayozunguka, karatasi imetulia. Kamwe usisugue kwenda juu na chini, hapo ndipo hedi huvunjika. Vijiti vya pamba vitumieni kwenye mhimili wa chuma unaovuta utepe na kwenye hedi ya sauti iliyosimama. Kile kigurudumu cha mpira kinachobana utepe kisafishwe kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa sababu alkoholi hukausha mpira, nao ukikauka hung'aa, ukateleza, na muziki ukaanza kuyumba.

Ukipata deki ya S-VHS, ndugu bora wa VHS, yenye tundu la S-Video na kirekebishi cha muda ndani yake, ichukue, hata kama kasha lake limepasuka. Kwa filamu za aina hii kirekebishi cha muda si anasa. Mistari ya picha ya VHS haianzi yote mahali pamoja, hutangulia na kuchelewa kidogo kidogo. Kwenye uso wa mtu huoni. Kwenye upanga ulionyooka, umesimama wima katikati ya kioo, unaona nyoka. Hakuna programu inayorekebisha hilo vizuri baadaye. Lirekebishwe kabla picha haijaingia kwenye kompyuta.

Ingiza picha kwa ukubwa wa 720 kwa 576, fremu 25, kwa muundo usiopoteza kitu, HuffYUV au FFV1. Tenga gigabaiti 25 hadi 40 kwa kila saa moja. Nafasi ikibana, DV hula gigabaiti 13 kwa saa na inavumilika. Kuingiza moja kwa moja kwa MPEG-2, muundo wa DVD unaobana picha, ili kuokoa diski ni kutupa kazi yote ya ndoo na barakoa. Kwenye sehemu ya chini kabisa ya picha mtaona mistari michache iliyopinda, pale hedi moja inapompisha mwenzake. Hiyo ni hali ya kawaida ya VHS, si ugonjwa. Ifunikeni kwa weusi, msiikate na kuivuta picha ijaze nafasi.

Hapa sasa ndipo jicho linapohitajika, kwa sababu katika filamu hizi ugonjwa na sanaa hufanana.

Mienge ya moto hupepesuka, na chumba kizima hung'aa na kufifia. Hiyo ni sanaa. Lakini kama mwanga unapanda na kushuka polepole hata mchana jangwani, pasipo mwenge wowote, hiyo ni Macrovision, kinga dhidi ya kunakili iliyoanza kuwekwa kwenye mikanda ya kampuni mwaka 1985. Maana yake mwenye filamu hakuruhusu nakala. Msishindane nayo; filamu kubwa za kundi hili zimeshatoka kwenye diski halali zenye picha bora kuliko mkanda wowote. Na kwa jumla, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtaka anayenakili ili auze awe na ruhusa ya mwenye haki. Tumelisema, tuendelee.

Wekundu wa moto ukichuruzika kutoka kwenye mwenge kuelekea kulia, ni VHS, ambayo hubeba rangi kwa undani mdogo sana ukilinganisha na mwanga. Wekundu huo ukiwa umeshuka pia chini ya mwenge, mkanda ni nakala ya nakala, maana kila kizazi cha kunakili huisogeza rangi chini kidogo. Tumieni hilo kuchagua: mkiwa na mikanda miwili ya filamu moja, ule ambao midomo ya waigizaji na rangi yake vinakaa karibu zaidi ndio wa kuanzia. Rangi unaweza kuirudisha juu na kushoto kwa mstari mmoja au miwili kwenye programu ya uhariri. Undani uliopotea haurudi.

Urefu nao huleta ugomvi. Filamu ya sinema ina fremu 24 kwa sekunde, PAL ina 25, na njia ya kawaida ilikuwa kuiendesha filamu haraka kidogo. Conan the Barbarian yenye dakika 129 kwa mwendo wake inakuwa takriban 124 kwenye mkanda wa PAL, na muziki wa Basil Poledouris unapanda karibu theluthi mbili za nusu-toni. Hakuna aliyekata kitu. Tofauti ikizidi asilimia 4 ndipo mshuku mkasi. Matoleo ya Uingereza ya filamu hiyo, kwa mfano, yalikatwa sehemu za farasi kuangushwa, kwa sababu sheria yao ya mwaka 1937 inakataza kuonyesha mnyama aliyeumizwa kwa ajili ya picha.

Halafu kuna sauti ya mtafsiri, na hapa tutakaa kidogo.

Mikanda mingi ya Dar es Salaam ina sauti ya mtu mmoja anayesimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti ya awali, kazi ambayo jina la Lufufu ndilo lililotajwa zaidi. Kwa mhariri aliyefundishwa vitabuni, huo ni uchafu juu ya filamu. Sisi tunasema hiyo ndiyo sababu ya kuokoa mkanda. Filamu yenyewe ipo kwenye diski duniani kote. Yule mchawi anayeongea Kiswahili cha Dar es Salaam hayupo popote isipokuwa kwenye huo utepe wenye kuvu. Ukiwa na saa moja tu ya kazi na mikanda miwili, anza na wenye sauti ya mtafsiri, hata kama picha yake ni mbovu.

Sauti hiyo kwa kawaida iko kwenye njia ya sauti ya kawaida, ukanda mwembamba pembeni mwa utepe, unaosomwa na hedi iliyosimama. Njia ya Hi-Fi ni kitu kingine, imeandikwa na hedi zinazozunguka, ndani zaidi ya utepe, chini ya tabaka la picha. Deki yenye Hi-Fi huichagua yenyewe. Kwa hiyo kama mtafsiri alirekodiwa kwa kitufe cha kuongeza sauti juu ya mkanda uliokwisha kuwepo, utacheza na usimsikie kabisa, ukadhani amefutika. Badilisha deki isome njia ya kawaida, utamkuta. Zihifadhi njia zote mbili katika mafaili tofauti. Sauti ikiwa butu kama mtu anayeongea ndani ya pipa, hedi ya deki iliyorekodi ilikuwa imeinama. Tafuta skrubu ya mwinamo kwenye hedi ya sauti, iwekee alama mahali ilipo kwa rangi ya kucha, kisha izungushe kidogo sana, chini ya robo mzunguko, huku ukisikiliza herufi "s". Mahali "s" inapolia kwa ukali zaidi ndipo pa kusimama. Ukimaliza mkanda huo, rudisha skrubu kwenye alama. Ukisahau, mikanda yote itakayofuata itakuwa butu, nawe utailaumu kuvu.

Upana wa picha tuupite haraka. Conan na Krull zina umbo la 2.35 kwa 1, TV ya chogo ni 1.33. Waliojaza kioo walitupa karibu asilimia 43 ya picha, ndiyo maana kwenye mkanda unaona upanga unaingia kutoka pembeni bila mkono. Hilo halitibiki kwa mkanda. Usiivute picha iwe pana, utampa steringi tumbo. Iache na pembe zake nyeusi kushoto na kulia.

Sasa diski. Vitu vitatu vinavyotengeneza filamu hizi, ukungu, giza na moto, ndivyo vitatu ambavyo ubanaji wa data hauviwezi. Kodeki, yaani programu inayobana picha, huokoa nafasi kwa kuuliza: kipande hiki cha picha kilikuwepo kwenye fremu iliyopita? Ukuta ulikuwepo, uso ulisogea kidogo, sawa. Ukungu hauna kingo, kila sehemu inajigeuza polepole, na tofauti zake za mwanga ni ndogo kiasi kwamba kodeki huzihesabu kuwa si kitu na kuzifuta. Matokeo ni vigae vya mraba vinavyoelea. Giza lina ngazi chache za mwanga, linakuwa matabaka kama ngazi za mlima. Na moto hubadilisha mwanga wa chumba kizima kila fremu, hivyo hakuna cha kukumbuka.

Pigeni hesabu. DVD ya safu moja ni gigabaiti 4.7. Filamu moja ya saa mbili inapata takriban megabiti 5.2 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Inatosha ikibanwa kwa mizunguko miwili, programu ikiipitia filamu mara mbili, ili pango lipewe zaidi na jangwa lipewe kidogo. Zile diski za filamu nane ndani ya moja, kila moja dakika 95, zinabakiwa na takriban megabiti 0.82. Hata VCD ya zamani ilikuwa na 1.15 kwa picha ndogo ya 352 kwa 288. Mnunuzi akilalamika kwamba eneo la mchawi "linakatakata", si macho yake. Blu-ray ya safu moja ni gigabaiti 25, inafika megabiti 40 kwa sekunde za picha, na inakubali fremu 24 bila kuharakisha.

Programu za kuondoa chenga zitumieni kwa kijiko cha chai. Simamisha kwenye eneo lenye ukungu, si kwenye uso wa mwanamke mzuri kama wanavyofanya wauzaji wa programu. Chenga zikiondoka na ukungu ukabaki na mikunjo yake, umefika. Ukungu ukiwa laini kama shuka lililopigwa pasi, rudi nyuma.

Kwa vijana wanaopiga filamu mpya ya mtindo huu: achaneni na vichujio vinavyoweka mistari ya trakingi, ile inayokatiza picha hedi zisipoufuata utepe sawasawa, na rangi iliyochuruzika. Tulisema filamu zile zilipigwa kwa milimita 35. Mistari ililetwa na mkanda uliochoka. Kuibandika kwenye picha mpya ni kumpenda mgonjwa mpaka ukaiga kikohozi chake. Kilichokuwa chao ni vitu vya kushikika: mandhari iliyochorwa juu ya kioo, mnyama aliyesogezwa kwa mkono fremu kwa fremu, upanga wenye uzito. Mapanga ya Conan yalibuniwa na Ron Cobb, na kwa mapigano kulikuwa na nakala nyepesi zaidi ya zile za chuma. Fanyeni hivyo: chuma kwa picha ya karibu, bila makali; alumini kwa mapigano, kingo zimeviringwa, na zikaguliwe kila baada ya pigo kubwa, maana alumini hutoa meno yanayochana ngozi. Mlio wake ni wa sufuria, hivyo sauti ya chuma irekodiwe peke yake.

Ukungu wenyewe uwashieni taa kutoka nyuma. Taa ya mbele huugeuza ukuta mweupe, ya nyuma huonyesha tabaka zake. Nje, pigeni alfajiri kabla upepo wa bahari haujaamka. Saa nane mchana Kigamboni mashine moja haitoshi hata fremu kumi. Tumieni maji ya mashine yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Barafu kavu, yenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri, hutoa ukungu mzuri unaotambaa chini, lakini ni kaboni dayoksaidi, nayo hujaza chumba kuanzia sakafuni. Aliyelala akiigiza maiti ndiye wa kwanza kukosa hewa. Mlango uwe wazi kati ya kila shoti, na mtu mmoja kazi yake iwe kumtazama "maiti" tu.

Deki iko mezani, bisibisi na ndoo ziko pembeni. Wenye mikanda safi wasogee tuanze. Yenye madoa meupe ibaki nje barazani kwanza, tena mbali na hii deki.